Kisiwa Changu cha Mikocheni

Jumapili, 26 Julai 1953

Nimepata kisiwa! Changu mwenyewe, bila hati wala ruhusa ya mtu.

Chanzo ni Bwana Mkubwa wa ofisi yetu. Ijumaa alituletea miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, akatueleza jinsi yeye na wenzake wa klabu wanavyokwenda kisiwani kupumzika na kutazama samaki chini ya maji. Nikauliza kama sisi makarani nasi tunaweza kwenda. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Sawa. Kwani samaki nao ni wanachama wa klabu?

Leo baada ya misa ya alfajiri nimetembea kutoka Keko mpaka Mikocheni. Malengelenge! Lakini saa nne nikakiona: mchanga mweupe, mkavu, kule baharini. Nimefika bila chombo, maji ya vifundoni tu. Kulikuwa na wanawake wakichokoa pweza kwa vijiti. Hakuna aliyedai kisiwa ni chake. Wazungu wanapanda mashua, mimi Ansbert natembea.

Nitampeleka Avelina akapumzike huko. Pamoja na baba yake mdogo, Mzee Kasiani, maana ndiye atakayeamua kama Avelina aolewe na mimi au na Revelian. Revelian ni karani wa reli. Sifa yake yote duniani ni baiskeli.

Jumanne, 28 Julai

Fundi Albano wa hapa Keko, anayetengeneza vitanda, amekubali kunichongea miwani. Mbao za mninga, vioo vya dirisha, lami ya kuzuia maji. Amesema hajapata kutengeneza kitanda cha uso. Nimemwambia aache utani. Mrija sikuhitaji fundi: bua la jani la mpapai lina tundu tangu juu mpaka chini. Mungu alikwisha kunitengenezea.

Jumamosi, 1 Agosti

Nimejaribu vifaa ndani ya pipa la maji uani. Bi Mwanabaraka, mama mwenye nyumba, akaja kuteka maji, akakuta miguu yangu iko juu. Yowe! Majirani wakajaa. Nilipotolewa nikamweleza mpango. Amesema yeye ni mzaliwa wa pwani na hapo Mikocheni hajapata kuona kisiwa. Tena Jumapili ninayoitaka ni bamvua: maji hukauka sana, kisha hujaa sana. Akanisihi nimwulize kwanza ndugu yake, Mfaume, anayekaa huko huko.

Nikamjibu kwa heshima kwamba mimi ni mtoto wa Bukoba, nimekulia ziwani, maji nayajua. Ziwa letu halijapata kuondoka mahali pake hata siku moja. Tena nikimwuliza Mfaume leo, kesho Revelian atajua. Akasema haya baba. Sikupenda alivyolisema.

Alhamisi, 6 Agosti

Mzee Kasiani amekubali! Avelina ameuliza kama kisiwani kuna kivuli. Nimesema kipo. (Shuka na fito nne.) Balaa ni kwamba Revelian alikuwapo, anajifanya kutengeneza saa ya ukutani ya Mzee. Eti naye anakuja. Na baiskeli! Aje. Baiskeli haizamii.

Jumapili, 9 Agosti

Midomo imevimba. Kumbe mpapai una utomvu. Hakuna aliyenionya.

Asubuhi ilikuwa ya fahari. Saa nne tukavuka, Mzee amevaa koti, viatu vya kanisani mkononi. Shuka likasimama, ndizi zikapakuliwa. Mzee akaketi juu ya sanduku akasema kijana huyu ana mipango. Alinisema mimi! Revelian akainama kupangusa baiskeli.

Nikazama. Jicho la kushoto lilijaa maji, la kulia likaona mguu wangu. Na samaki mmoja, mwenye dharau. Nilipotoka nikatangaza aina ishirini. Avelina akaomba miwani, akaenda mbali kuliko mimi, akakaa sana, akarudi anacheka. Amesema kuna samaki wa manjano kule, kundi zima, na hakuna aliyemkimbia. Nimempenda upya kabisa.

Wale wanawake wa pweza wakaanza kurudi. Wakatupigia kelele kwamba nyie, maji hayo yanajaa! Nikawajibu sisi ni wageni wa siku nzima. Wivu tu.

Baadaye kisiwa kikawa kama ua wa nyumba. Halafu kama chumba. Halafu kama kitanda, nasi tuko wanne na baiskeli. Nikasema ni dimbwi la muda. Mzee akasimama juu ya sanduku, viatu kifuani, akaanza rozari kwa Kihaya. Revelian akaweka baiskeli kichwani. Avelina aliniuliza mara moja tu kama nilikuwa nimewauliza wenyeji. Nikasema swali hilo si la wakati huu.

Ndipo akaja Mfaume na mtumbwi. Dada yake, Bi Mwanabaraka, alimtuma tangu jana. Amekiri kwamba alikuwa ufukweni muda wote, anatutazama tu, alitaka aone tutafika wapi. Akamchukua Mzee, kisha Avelina, kisha baiskeli, kisha Revelian. Mimi nimetoka mwisho, maji kifuani, fito mkononi. Sikukikimbia kisiwa changu.

Jumatatu, 10 Agosti

Lami haitoki. Miduara miwili myeusi machoni. Bwana Mkubwa ameuliza nimepigana na nani. Nimemwambia nilikuwa kisiwani, nazamia. Safari hii hakucheka!

Jioni Tekla, rafiki wa Avelina, ameleta ujumbe. Mzee ameapa nisikanyage kwake tena, isipokuwa Jumapili nije mbele yake niseme neno moja: nilikosea. Nikilisema, Avelina naye atasema la kwake, na la kwake ni mimi. Revelian amejiharibia: ufukweni aliulizia baiskeli kabla ya kumwulizia yeye.

Neno moja! Nalimudu.

Jumapili, 16 Agosti

Wiki nzima nimefanya mazoezi. Jana nimelisema mbele ya Bi Mwanabaraka, akanipigia vigelegele.

Nimefika. Shikamoo. Marahaba. Avelina amevaa gauni la Pasaka, ananitazama kama mtu anayemsukuma mtoto kwa macho apite mbele. Mzee akaweka kikombe chini. Nikavuta pumzi. Na Revelian, kule kwenye ile saa yake, akakohoa.

Kikohozi kile!

Nikasema: Mzee, kisiwa hakikuwa na kosa. Bahari ndiyo iliyokosea.

Mzee akanyoosha kidole mlangoni. Avelina akafunika uso, mabega yanamtikisika. Kilio au kicheko, sijui. Roho imeniuma mpaka njia panda ya Keko.

Hapo nikapata wazo, nikampitia Albano. Nimeagiza viti vinne vya kisiwani, miguu mirefu kupita kimo cha mtu. Cha Mzee kiwe na mto. Cha Avelina kiwe karibu na changu.

Cha Revelian kiwe kifupi.