Harusi Iliyohamishiwa Msibani

Msamala, Songea.

Kwa Shemeji Valence,
Fundi Kompyuta, Namtumbo.

YAH: AMRI YA mv KUPELEKA MAHARUSI MAZISHINI

Shemeji mpendwa,

Pokea salamu za heshima. Sisi ni wazima. Ila ile programu ya Linux uliyoniwekea kwenye kompyuta ya studio yangu ya video imeniaibisha mbele ya ukoo mzima wa watu, nami naomba uje uiondoe kabla sijaiondoa mwenyewe kwa mchi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Uliniambia, “Shemeji, kuhamisha folda ni rahisi: andika mv, jina la folda, halafu unakoipeleka.” Nikashika. Nilikuwa na folda mbili za kupeleka kwenye flashi: harusi, yaani video ya Edwin na Violeth, na msiba, yaani mazishi ya marehemu Mzee Valeriani wa Hanga. Nikaandika “mv harusi msiba”, nikabonyeza Enta. Flashi sikuitaja, lakini ilikuwa imechomekwa palepale, inaonekana!

2. Kompyuta haikuuliza hata “Mama, una uhakika?” Ilichukua bibi harusi, bwana harusi, keki na kamati nzima, ikawatia ndani ya msiba, ikanyamaza. Hapa Msamala ukihamisha kitanda tu, mtaa mzima unauliza kulikoni.

3. Bila kujua, nikanakili folda ya msiba kwenye flashi, nikampa Marcelino, mtoto wa marehemu, aende nayo kwenye arobaini. Ukoo ukakaa mbele ya runinga. Padre akabariki kaburi, watu wakaanza kulia, mara wasimamizi wa harusi hao wanaingia, wanakata mauno! Baba wadogo wakainuka wamchape Marcelino.

4. Mjane, Bibi Anjelika, ambaye tangu mazishi alikuwa hali wala hasemi, akauliza, “Hawa mbona wanacheza peke yao?” Akafunga kanga kiunoni, akaingia katikati. Shemeji, akacheza! Wifi zake wakamfuata, baba wadogo wakasahau fimbo. Marcelino alinipigia simu, “Mama Jordan, umetufanya nini?” Sikujua analia au anacheka.

Kwa hiyo naomba amri hiyo ifundishwe kubisha hodi. Isihamishe harusi yoyote bila ridhaa ya wazazi wa pande zote mbili, na ikikosea itoe pole kwa sauti. Ikishindikana, njoo Jumamosi uing’oe yote, la sivyo naipeleka baraza la kata.

Msalimie Tabu mkeo, watoto, mama mkwe wako na wote wanaonikumbuka hapo Namtumbo.

Ni mimi shemeji yako niliyefedheheka,
Imaculata (Mama Jordan)

N.B. Jumamosi usije. Bibi Anjelika amepiga simu mwenyewe; anataka flashi nyingine ya kubaki nayo, na harusi isitolewe humo. Edwin na Violeth wameridhia, tena wanakwenda Hanga kumsalimia. Ameniomba nifanye haraka, anataka ile mitindo ya wasimamizi aishike vizuri kabla hawajafika.