Chanjo ya Shangazi Avelina na Pipa Langu la Mbege

Jumatatu, 1 Juni 2026

Siku kubwa. Dk. Herieth, mkuu wetu, katangaza kwamba kitengo cha chanjo za saratani kinapanuliwa. Tulikuwa na chumba safi kimoja, kile cha kutengenezea chanjo kisichotakiwa kuingia kijidudu, vitakuwa vinne. Tulihudumia mgonjwa mmoja kwa wiki, tutahudumia kumi. Atahitajika msimamizi wa vyumba vyote. Wote wakanitazama. Haya, wengine walimtazama Sifael, ambaye ana diploma na hakuachi usahau. Mimi nina miaka minane kwenye friza. Sampuli haijawahi kuharibika mikononi mwangu, hata moja.

Nikatoa wazo palepale: ya nini kumpikia kila mgonjwa chanjo yake kasufuria kadogo kama uji wa mtoto? Tupike pipa moja, ukoo mzima upate. Dk. Herieth akaeleza, kwa mara ya nne anadai yeye, kwamba kila chanjo inatengenezwa kwa kusoma uvimbe wa mgonjwa mwenyewe, na haimfai mwingine hata awe pacha wake. Sifael akakohoa. Kikohozi kile nakijua.

Jumanne, 2 Juni

Shangazi Avelina kashuka kutoka Kilema. Aliitikia shikamoo nusu, akauliza chanjo yake imefika wapi. Alikatwa uvimbe wa unyayoni mwezi wa pili, na chanjo ndiyo ya kuufundisha mwili wake kuwinda mabaki. Huyu ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Nikamhakikishia kwamba Ijumaa ya wiki ijayo atachomwa sindano, na kazi yote itapita mikononi mwa Ambrosi wake. Akasema hapo ndipo wasiwasi wake ulipo. Utani wa shangazi huo.

Mpango: Dk. Herieth atasikiliza maoni ya wafanyakazi kabla ya kuteua msimamizi. Na sisi Wachagga, neno zito huanza na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Nimechemsha ndizi leo leo, hapa kwangu Njoro. Diploma haina povu.

Jumapili, 7 Juni

Nimetia ulezi. Nimekoroga kwa mikono yangu mwenyewe hadi viwiko. Mama Evelyn, jirani, kasema povu la namna hii hajaliona tangu kipaimara cha mwanawe. Sikushangaa.

Jumatatu, 8 Juni

Zamu ya chumba safi. Mlangoni kuna fomu: una homa, una kidonda, umegusa hamira? Nikajaza hapana, hapana, hapana. Hamira sijanunua tangu Pasaka. Mbege huchacha yenyewe, kazi ya Mungu. Wanataka pia uwe umeoga. Nilioga jana, kabla ya kukoroga.

Jioni wenzangu wote wakaja Njoro. Kata zikazunguka. Sifael alikunywa mbili na hakusema kitu, na kwa Sifael huko ni kusifu. Cheo nakihesabu changu.

Alhamisi, 11 Juni

Balaa. Sahani tunazotegea vijidudu vya hewani zimeota madoa meupe. Chachu, anasema Dk. Herieth. Kazi imesimama. Chanjo ya Shangazi, iliyobakiza siku moja tu, imemwagwa.

Hata hivyo kiongozi hazubai. Nikaandika taarifa ya ukurasa mzima kumhusu Sifael, ambaye hula mkate kila asubuhi. Dk. Herieth akaisoma, akaikunja, akaagiza kila mtu agandamize vidole kwenye sahani yake. Nilitangulia ili wengine waige. Bahati nzuri mikono yangu ilikuwa na kazi tangu alfajiri: nilikuwa nimekoroga masalia ya pipa yasiharibike.

Jumamosi, 13 Juni

Sahani ya Sifael: safi. Yangu: nzito kama mtori uliopoa.

Dk. Herieth hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema sampuli ya Shangazi bado iko kwenye friza, wataanza upya, na Sifael kajitolea kufanya kazi Jumapili zote. Sindano ni tarehe 26. Mimi nisikanyage chumba safi, na Shangazi nimwambie mwenyewe.

Jumapili, 14 Juni

Nimepanda Kilema baada ya misa. Njiani nilichuma jani la isale, nikampa Shangazi kwa mikono miwili na kumweleza yote, hadi ile taarifa ya mkate. Kwetu ukipewa isale hukatai kusamehe. Alilishika kitambo, akilizungusha. Akasema amelipokea, ila uvimbe haujui isale.

Nililia. Naandika kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Akaniacha nimalize, kisha akanifungia mkungu wa ndizi nirudi nao.

Ijumaa, 26 Juni

Shangazi kachomwa! Mkono wa kushoto, akiwa kavaa kitenge cha Krismasi. Chanjo yake mwenyewe, isiyomfaa mtu mwingine duniani, na sampuli ilitoka kwenye friza yangu, nzima. Dk. Herieth alilisema hilo mbele ya watu. Nilisimama wima hadi mgongo ukauma.

Msimamizi ni Sifael. Nimemsamehe.

Kuna kubwa zaidi. Fomu ya mlangoni imeongezwa mstari: "Je, umepika mbege nyumbani kwako?" Wageni waliokuja kukagua vyumba vipya waliuliza umetokana na nini. Nikanyoosha mkono. Wenye diploma wengi, lakini nani kati yao ana mstari wake kwenye fomu?

Na sasa wagonjwa ni kumi, mikono haitoshi. Dk. Herieth kasema tarehe 13 Julai narudi chumba safi, kubeba vifaa tu. Tarehe 17 Shangazi anachomwa sindano ya pili. Haiwezekani siku hiyo ikapita kavu. Nimepata pipa kubwa zaidi, la ukoo mzima, na nitakoroga kila asubuhi kabla ya zamu. Fomu nimeisoma vizuri mara hii. Inauliza nyumbani kwangu. Nitapikia kwenye ua wa Sifael, pale anapoanika sare zake za kazi.