Mwizi wa Visu vya Korona

Jumatatu, 2 Machi 1953

Nafasi imefika! Bwana Injinia wa shamba letu la mkonge amekwenda Tanga hadi Ijumaa, na tanuri la chumvi ameniachia mimi, Bonaventura, peke yangu. Chumvi huyeyuka kwenye chungu cha chuma ikawa kama uji mwekundu wa moto. Tunaning'iniza humo visu vya korona, ile mashine ya kuparua majani ya mkonge, vinatoka vigumu. Akirudi atachagua nyapara wa karakana: mimi au Valerian. Mzee Semboja amesema wazi kwamba binti yake Hilaria haolewi na mpuliza mivukuto. Basi lazima niwe mimi.

Valerian ameomba ruhusa. Hakusema anakwenda wapi. Mjanja!

Maagizo: kifuniko kisitolewe, chumvi mbichi isiongezwe, kisu kikae robo saa. Robo saa! Ubahili mtupu. Nitaviacha kutwa, viive.

Jumanne, 3 Machi

Nimefunua chungu. Uzuri kama ule haufunikwi. Wanawake wa kijiji cha Masuguru walisimama mlangoni wakasema kumbe Bonaventura ni mtu mkubwa. Hilaria naye alikuja. Aliuliza Valerian atarudi lini. Roho iliniuma, nikashindwa kula.

Chumvi imepungua. Nimenunua ya sokoni, imelowa kidogo kwa mvua, nikamwaga yote. Ikaruka! Nyusi moja imeungua. Ninayo nyingine.

Jumatano, 4 Machi

Visu vimekonda! Juzi vilikuwa vinene kama kidole, leo vimekuwa kama jani la mchaichai, na pale juu chumvi inapokutana na hewa ndiyo vimeliwa hasa. Mtu anavipiga tupa! Na fundi wa tupa hapa ni Valerian tu. Ufunguo wa karakana ninao shingoni, kwa hiyo amechonga wa kwake.

Nimeongeza chumvi ya sokoni ili visu visionekane.

Alhamisi, 5 Machi

Vingine vimekatika kabisa. Hana haya! Nimewatangazia watu wote wa korona kwamba Valerian ni mwizi. Mama Bernadina, mpika uji wetu, aliuliza mwizi gani huyo anayeiba vipande vya kisu na kuacha nyundo nzima. Nikamwambia huo ndio ujanja wenyewe. Akaniongezea uji, akanitazama kwa huruma. Sikuipenda.

Chungu nacho kinatoka jasho. Joto la Machi.

Ijumaa, 6 Machi

Siku mbaya. Bwana Injinia ameshuka garini, na nani akashuka nyuma yake? Valerian! Wiki nzima alikuwa Tanga naye, akifundishwa kazi. Mimi nilikwishaanza kumshtaki kwa sauti, na kama ningeishia katikati ningeonekana mjinga, nikamaliza mashtaka yote. Hapohapo chungu kikatoboka, chumvi ikatapakaa sakafuni.

Bwana Injinia alisema mwizi ni chumvi. Alieleza polepole kwamba chumvi iliyoyeyuka, ikiingiwa na maji na hewa, hukitafuna chuma na kukimeza. Kisha akauliza ni nani aliyeiingizia maji na hewa. Nikatazama dari.

Nyapara ni Valerian. Mimi nimepelekwa kuanika nyuzi juani. Hilaria alicheka, tena si kwa ubaya, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Nimelia nyuma ya stoo.

Jumapili, 15 Machi

Akili imerudi! Ikiwa chumvi imemeza chuma, basi chuma kimo ndani ya chumvi. Niliambiwa nikaitupe. Nani atupe mali? Niliisomba, ikiwa imelowa, nikaijaza kwenye debe na kulisukuma chini ya kitanda. Chumvi yenye chuma ni dawa ya damu kwa ng'ombe. Kimaren, mfugaji wa Handeni, atanipa mtamba, na Mzee Semboja hakatai mtamba.

Leo lori limenishusha Sindeni, hukuhuku Handeni. Nikaweka debe begani kuelekea kwa Kimaren. Nikaona linapungua uzito, nikajisifu kwamba nimepata nguvu. Kugeuka nyuma: kitako cha debe kimeliwa, chumvi imemwagika njia nzima, na ng'ombe wa Kimaren wananifuata wakilamba bure! Kimaren amenishukuru sana. Mtamba hakumtaja.

Nimelichunguza debe. Kingo zimeliwa vilevile kama visu. Sasa nina ushahidi.

Valerian amenifuata mpaka Handeni.