Krimu ya Machungwa kwa Harusi ya Sylvie

Jumatatu, 7 Julai 2025

Kikao cha kamati ya harusi, kanisani, saa tisa alasiri. Sylvie, mdogo wa mke wangu Marlène, anaolewa Jumamosi. Bwana harusi ni Nahayo, Mrundi mpole anayefundisha watoto hesabu. Keki ataoka Mama Fidès, Mrundi pia, kama kawaida. Huyu mama ameoka keki za nusu ya harusi zote za kambi yetu ya Dzaleka, kwa sufuria, mchanga na makaa. Watu wanamheshimu sana. Hilo ndilo linaloniudhi.

Tukafika kwenye krimu ya kupaka juu. Mama Fidès akasema atapaka nyeupe, ile ya siku zote. Nikasimama. Sijui nani alinisimamisha. Nikasema krimu ile ina ladha ya dawa ya meno, na kwamba kwetu Bukavu keki ya heshima hupakwa krimu ya machungwa. Mama Fidès akauliza, kwa upole kabisa, kama nimewahi kuitengeneza. Nikajibu kuwa krimu ni kemia, na kemia nilisoma miaka mitatu. Sikusema kwamba miaka yote mitatu nilikuwa darasa lile lile.

Kamati ikanipa krimu. Mama Fidès mwenyewe akaandika jina langu kwenye karatasi: Melchior Cishahayo, krimu. Herufi nzuri.

Tulipofika nyumbani Marlène akasema moja tu: nisiguse gauni la bibi harusi analolishona, nisiguse cherehani. Kana kwamba mimi ni mtoto!

Jumanne, 8 Julai

Jaribio la kwanza. Machungwa kumi na mawili kutoka kwa mama mmoja wa Madisi anayeuza sokoni. Matamu. Matatu niliyala kwa ajili ya utafiti.

Baridi kali asubuhi. Siagi ngumu kama sabuni. Nikatoboa bati kwa msumari, nikakwaruza maganda mpaka kwenye nyama nyeupe, nisipoteze kitu. Nikakamua maji ya machungwa yote tisa, nikamimina kwenye siagi pamoja na sukari. Nikakoroga. Siagi ikaogelea vipande vipande. Nikaongeza maziwa ili ilainike. Maziwa yakakatika.

Nikamwita jirani yangu Mulenda aonje. Mulenda ni mtu wa kweli, hana adabu. Akaonja, akafikiri, akasema ni chungu kidogo, lakini kwa nsima, ugali wa huku, inaweza kupita. Kisha akaomba kubeba iliyobaki. Kuku wake wameikataa.

Shida si mimi. Shida ni sukari, ina chembe kubwa. Inatakiwa ile laini kama unga. Inapatikana Lilongwe.

Jumatano, 9 Julai

Lilongwe! Kwenye karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini niliandika: shughuli za kanisa. Si uongo.

Nikanunua sukari ya unga. Halafu nikaona duka la keki lenye vioo, na wazo likanijia. Nikaingia kifua mbele, nikasema mimi ni baba wa bibi harusi, natafuta keki ya ghorofa tano, lakini kwanza nionje krimu zao. Dada wa kaunta akaniletea kijiko cha limau. Zikomo, nikasema, yaani asante. Kijiko cha chungwa. Zikomo sana. Nikasema sijaamua, alete tena. Kijiko cha sita kilipofika, akatoka mwenye duka, mama mnene mwenye unga mpaka kwenye nyusi, akaniangalia viatu.

Nikadhani atanifukuza. Badala yake akaniuliza kama najaribu kuitengeneza mwenyewe. Nikakubali kwa kichwa, mdomo ulikuwa umejaa. Akacheka, akaanza kunieleza taratibu kwa Kiingereza: kitu fulani kuhusu ganda, kitu fulani kuhusu maji kuwa kidogo. Sikusikia vizuri kwa sababu nilikuwa nalamba kijiko. Nilichosikia sawasawa ni hiki: ipigwe, ipigwe, ipigwe mpaka mkono ulie.

Basi siri ni kupiga. Mkono wangu hauna haja ya kulia. Nina akili.

Alhamisi, 10 Julai

Siku mbaya. Naandika nimekaa nje.

Marlène alienda kwa Sylvie kupima shela la kichwani. Nikabaki na cherehani. Sikuigusa kwa nia mbaya. Nilifunga uma mbili kwenye gurudumu lake kwa kamba ya viatu, nikaegemeza bakuli chini yake juu ya matofali, nikakanyaga pedali. Ilifanya kazi! Kwa dakika nzima siagi na sukari vilipanda, vyeupe, vyepesi, kama mawingu. Nilitamani Mama Fidès angepita.

Nikamimina maji ya machungwa, kikombe kizima. Nikakanyaga kwa nguvu zaidi. Kamba ikalegea. Uma moja ikapiga bakuli, bakuli likaruka.

Krimu ukutani. Krimu kwenye kalenda ya kanisa. Krimu kwenye nyusi zangu. Na shuka lililofunika gauni lilikuwa limeteleza. Kwenye gauni jeupe, ubavuni, doa la rangi ya chungwa lenye umbo la Ziwa Kivu, pamoja na kisiwa cha Idjwi.

Nikaosha kwa maji ya moto. Ziwa likawa bahari.

Nikafikiria kusema ni kuku wa Mulenda. Nikafikiria kusema ni Mulenda. Mwishoni nikageuza gauni, doa likatazama ukuta.

Ijumaa, 11 Julai

Marlène aligeuza gauni asubuhi, kabla ya chai. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliketi kwenye kiti cha cherehani, akashika kitambaa kwa vidole viwili. Kisha akasema:

"Melchior, hii robe nimeishona wiki tatu. Sylvie hana mama, ni mi tu. Sikuulizi kitu. Beba hii robe, enda kwa Mama Fidès, umwambie yote. Yote, unasikia?"

Nilienda. Nilipita njia ya nyuma, gauni ndani ya mfuko wa unga. Nikamwambia Mama Fidès yote. Karibu yote. Aliponitazama, nikaongeza yaliyobaki.

Hakunicheka. Alitandika gauni mezani, akafunika doa kwa unga wa muhogo unyonye mafuta, akapangusa, akaweka sabuni na maji ya limau, akalianika juani. Saa saba ziwa lilikuwa limekauka. Kilibaki kivuli kidogo tu cha kisiwa.

Tulipokuwa tukisubiri jua, akanipa kisu na machungwa mawili. Akaniagiza nimenye ganda la juu tu, jembamba, nyeupe nisiiguse, kisha nilikatekate mpaka liwe kama mchanga. Harufu iko kwenye ganda, akasema. Maji ni kijiko kimoja tu. Siagi alikuwa ameiweka karibu na jiko tangu asubuhi, ikalainika yenyewe. Akapiga kwa mwiko, mkono wake haukulia. Nikaonja. Nikaonja tena.

Nikamuuliza kwa nini hakusema kikaoni kwamba anaijua. Akaendelea kupiga.

"Ulitaka sana, mwana wangu. Nikasema acha ajaribu. Mimi harusi yangu haikuwa na keki. Unga ulikuwa tayari, malimau ya baba yalikuwa tayari, tukakimbia nchi siku tatu kabla. Ndiyo maana napenda za wengine zitoke vizuri."

Niliona aibu kweli. Aibu ilidumu machungwa yote mawili.

Jumamosi, 12 Julai

Harusi! Marlène alishona ua la kitambaa juu ya kivuli kilichobaki. Wanawake watatu walimwomba mfano wa ua lile. Sylvie aling'aa, Nahayo alisahau jina lake mwenyewe mbele ya mchungaji. Marlène alilia, kisha akanishika mkono. Nadhani nimesamehewa kwa sehemu.

Keki ilikatwa. Watu walilamba vidole. Mshereheshaji akauliza kwenye kipaza sauti nani ametengeneza krimu hii. Mama Fidès alikuwa nyuma akigawa soda.

Nikasimama.

Nilizungumza dakika saba. Nilianza na kemia, nikapitia Bukavu, nilikuwa naingia Lilongwe wakati Mama Fidès alipokuja polepole, akaomba kipaza sauti, akasema anamshukuru Melchior kwa kumenya machungwa mawili vizuri sana. Ukumbi mzima ulicheka. Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani.

Nilicheka pia. Lakini watu walipiga makofi, na sehemu ya makofi ilikuwa yangu.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya ibada akanifuata nyumbani bwana mmoja aitwaye Noël, anakaa Nsungwi, mjini Lilongwe. Jana alikuwa mgeni wa harusi, lakini alichelewa. Alifika wakati wa hotuba yangu, akatoka nje kupokea simu kabla haijaisha. Anamwoza binti yake mwezi wa nane. Anataka keki ya ghorofa tatu na krimu ya nanasi. Akaniuliza kama naweza.

Nikamwambia nanasi ndilo tunda langu hasa. Akauliza kama nafanya kazi peke yangu. Nikasema hapana, nina msaidizi, mama mmoja Mrundi, mzee kidogo lakini anafundishika.

Noël akafurahi, akasema angependa kumsalimia msaidizi huyo kabla ya kurudi mjini. Nikaingia ndani kutafuta daftari hili.

Namwona Noël sasa kupitia dirisha. Amemkuta Mama Fidès njiani, anamweleza kitu kwa mikono yote miwili, anaonyesha nyumba yangu. Mama Fidès anasikiliza. Ameweka kikapu chini. Anatabasamu.

Nafikiri amekubali kazi.