Nirudishieni Shikamoo Yangu

Ndugu Mhariri,

"Ni mchezo tu. Mzee alicheza, akashindwa, akakasirika." Hayo aliyaandika Bwana Nikhil katika gazeti lako Jumatano iliyopita, nawe ukayachapa bila haya, tena jirani na tangazo la magodoro. Kupakia uongo mwingi kiasi hicho katika maneno machache hivyo ni kipaji. Haukuwa mchezo. Sikucheza. Sikushindwa. Hilo la kukasirika nalikubali, na naomba nafasi ya kulieleza.

Kwa wasomaji waliojaliwa wasijue: Bwana Nikhil ameligeuza ghala la vitenge la babu yake, pale Uhindini, kuwa kitu ambacho wenyewe wanakiita eskepu rumu. Nawatafsiria bure: chumba cha kutoroka. Mnalipa, mnafungiwa mlango, mnapewa saa moja mtafute ufunguo, na ndani mmewekwa waigizaji walio hai wa kuwababaisha. Kwa mji huu ni biashara ya ajabu. Tangu wizara zihamie Mtumba, hapa Dodoma, nusu ya watumishi wake hutoroka kwenda Dar es Salaam kila Ijumaa mchana bila kufumbua fumbo lolote.

Nilipelekwa huko na Nasma, binti wa marehemu kaka yangu, ambaye nimemlea mimi, pamoja na wenzake wawili wa ofisini, Sila na Erica. Aliniambia, "Baba mdogo, twende kwenye maigizo." Mimi ni mpenzi wa maigizo. Nikavaa kanzu. Nilitarajia jukwaa, viti na pazia. Mlangoni msichana mmoja alitoa maelezo kwa kasi ya dalali wa mnada, nikaambulia neno "karibuni".

Malalamiko yangu ni haya.

1. Shikamoo. Ndani palikuwa na taa ya chemli, kitanda cha kamba, na juu yake mzee mwenye ndevu nyeupe hadi kifuani, anakohoa. Akajitambulisha kuwa alikuwa mlinzi wa ghala la mradi wa karanga wa Kongwa, ule wa wakoloni ulioanza kwa matrekta ukaishia kwa aibu. Nikapiga hesabu: mtu huyu anakaribia miaka mia. Nilidhani Nikhil amemleta mzee halisi asimulie aliyoyaona, na nikamlaani kimoyomoyo kwa kumfanyisha kazi mgonjwa. Nikainama, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikasema, "Shikamoo, mzee." Akajibu bila hata kumeza mate: "Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

Wanaonijua wanajua kuwa sigawi shikamoo ovyo. Wazee wa mtaa wetu wa Majengo waliobaki nimeshatofautiana nao karibu wote katika ukurasa huu huu, na salamu zetu siku hizi ni kukohoa. Wa ukoo wetu wamekwisha. Tangu tumzike baba mkubwa Swedi, hakuna kiumbe katika mji huu anayeniita mwanangu. Kwa hiyo ile haikuwa shikamoo ya kupita njiani. Ilikuwa imehifadhiwa.

2. Adabu kuitwa kushindwa. Kumbe ufunguo ulikuwa chini ya mto wa mzee. Sila akamwendea: "Mzee, hebu inuka kidogo tuangalie hapo chini." Nikamwuliza amelelewa wapi. Mgonjwa hainuliwi, na mto wake haupekuliwi na mtu mwenye njaa ya ushindi. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikaziba njia. Erica akawa anaruka kama anayekanyaga makaa: "Baba, muda unaisha!" Nikamjibu kuwa mgonjwa hatazamwi kwa saa. Nikamjulia hali kama anavyojuliwa hali mtu: amekula nini, nani anamchotea maji, watoto wake wako wapi na kwa nini hawaji. Mara taa za umeme zikawaka, na ukutani yakatokea maandishi mekundu: MMESHINDWA.

Tafakari, Mhariri. Katika jumba lile, anayeingia chumbani kwa mgonjwa akampekua ndiye mshindi. Anayemwuliza kama amekula ndiye mshinde.

3. Marehemu kuingizwa katika biashara. Baba mkubwa Swedi alikuwa karani huko Kongwa enzi za karanga. Kabla taa hazijawaka, nilimwuliza mzee kama aliwahi kumfahamu. Akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Swedi! Si yule aliyekuwa akila karanga na maganda yake?" Ndiye. Nikaushika tena mkono wake nisiuachie, jambo ambalo sijamfanyia mtu tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe.

4. Ndevu. Taa zilipowaka, mzee wa miaka mia aliruka kitandani kama mbuzi, akabandua ndevu, akanipiga begani: "Anko, umeua! Umeigiza kutuzidi wote!" Alikuwa Aiman. Aiman wa Salwa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Kijana ambaye siku ya akika yake alinikojolea kanzu, na ambaye meno yake ya utoto yalirushwa juu ya bati langu. Habari za karanga na maganda hakuzitoa Kongwa. Alizitoa barazani kwetu, alikokuwa akigawiwa karanga hizo na marehemu mwenyewe. Huyo ndiye niliyemwamkia kwa mikono miwili. Naye akaitikia!

5. Posa. Bwana Nikhil aliyeandika "ni mchezo tu", hapa asome polepole. Wiki ile ile ililetwa posa ya Nasma kutoka Kondoa. Mshenga wao, Mzee Bashiri, alikuwa na ndevu nyeupe hadi kifuani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sikumwamkia. Nilimwomba kwanza kitambulisho cha taifa, kisha, kwa adabu zote, ruhusa ya kuzivuta ndevu zake kidogo. Nikazivuta. Hazikutoka. Mzee Bashiri aliiacha chai yake, akasimama, akatamka mbele ya watu: "Nyumba hii haina mkubwa. Akipatikana mtuite." Wakaondoka.

Nasma anampenda yule kijana. Sasa hasemi nami. Chai ananiletea, lakini anaiweka chini kama anayemtengea paka maziwa.

Na tusidhani mambo yataishia kwangu. Shikamoo haina stakabadhi. Dhamana yake pekee ilikuwa mvi, na mvi sasa zinapatikana kwa gundi. Leo ameigizwa mzee, kesho ataigizwa kadhi, tutaozeshwa na mtu anayesubiri makofi. Keshokutwa ataigizwa maiti. Tutamswalia, tutambeba, tukifika kaburini atainuka atuulize mambo vipi. Napendekeza kila mwigizaji asiyefika miaka hamsini, akivaa ndevu, atundike kibao shingoni: USINIAMKIE.

Kwa sababu hizo, nasema na wahusika moja kwa moja. Wewe Nikhil, futa maandishi yale ukutani, au yaandike juu ya mlango wako wa kuingilia ambako yanastahili. Wewe Salwa, jirani yangu mwema, usimtetee mwanao. Na wewe Aiman: sidai fedha, wala sidai riba, maana dini yetu imeikataza. Nadai shikamoo moja, ile ile. Ijumaa baada ya swala uje barazani kwangu bila ndevu, uinamishe kichwa, uniamkie kwa sauti itakayofika kwa mama yako. Nanyi vijana wote mnaouvaa uzee katika jumba lile, rudisheni kila shikamoo mliyoichukua, nyumba kwa nyumba, kabla wenyewe hatujaja kuzidai.

Wasalimie wote hapo ofisini, hata yule anayezikata barua zangu katikati. Mwambie mkasi ubaki mezani.

Nabaki wako, mwenye mvi zangu mwenyewe,

Abdulrazaki Mfaume
Majengo, Dodoma

Tanbihi: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua. Mzee Bashiri amekubali kurudi Jumamosi, kwa sharti kwamba atazungumza na mkubwa wa ukoo, si na mimi. Mkubwa hatuna. Bwana Nikhil, naomba uniazime yule mzee wa Kongwa kwa siku moja. Wazo ni la Nasma, na leo chai amenikabidhi mkononi. Mzee aje na ndevu zake, na gundi asiifanyie ubahili, kwa maana Mzee Bashiri ana haki ya kulipiza. Akikaa asiruke. Mhariri, nakusihi gazeti la wiki hii lisifike Kondoa. Ile shikamoo ya kwanza Aiman abaki nayo. Ya pili nitampa mwenyewe mbele ya wageni, kwa mikono miwili. Na akiulizwa habari za marehemu Swedi, aseme vile vile alivyoniambia mimi: karanga, na maganda yake.