Kikombe cha Tatu cha Bwanyenye

Jumamosi, 4 Mei

Bwanyenye ameshindwa kuinuka. Mbwa wangu, miaka sita, kifua cha mlinzi, na leo miguu ya nyuma imegoma. Alijikokota hadi mlangoni, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfanyia hivyo. Moyo wangu!

Daktari wa mifugo, mama asiye na mzaha, kamkunja, kamkunjua, kampiga picha. Kasema nyonga zake hazikukaa sawasawa tangu utoto. Mfupa wa paja unachezacheza kwenye shimo lake, ndiyo maana kiungo kinauma. Kupona kabisa hakuna, kuishi vizuri kupo. Kidonge kimoja kila siku pamoja na chakula. Asiruke, asipande ngazi, atembezwe kidogo kidogo kwenye majani. Na apungue! Ana kilo thelathini na nne. Vikombe vitatu vya chakula kwa siku, basi. Baada ya wiki tatu anataka kuona kilo moja na nusu imeondoka. Nikauliza kama vidonge vyangu vya goti vingemfaa. Kasema vitamuua. Sawa, niliuliza tu.

Tunaishi ghorofa ya pili. Mke wangu kakata shauri: asipopungua, Bwanyenye anahamia kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye nyumba ya chini na uwanja. Kasema mnyama hatateseka kwa sababu ya mapenzi yangu. Na huyo shemeji! Hata ukikohoa anakueleza namna bora ya kukohoa.

Jumapili, 5 Mei

Mpango wa kwanza: ngazi. Mimi ni fundi wa makochi, sishindwi na mambo ya kubeba. Nimeshona mbeleko ya kumpitishia chini ya tumbo, yenye vishikio viwili juu, kwa mkanda bora kabisa wa karakana yangu, ule unaopita chini ya mito. Mkanda ule huvutika. Hilo nililikumbuka tukiwa ngazi ya tatu. Kila hatua, Bwanyenye kashuka, kapanda, kashuka, kapanda. Majirani walitoka milangoni. Mmoja kaniomba nirudie ili mkewe naye aone.

Nimeshona upya kwa turubai. Safi kabisa. Mama mkwe, anayeishi nasi na ndiye anayepima chakula cha Bwanyenye, kasema angeniambia turubai tangu asubuhi kama ningeuliza.

Bwanyenye alikuwa na aibu. Nikampa ganda la mkate. Ganda si chakula.

Jumatano, 8 Mei

Shemeji kaja na futi ya kamba. Anampima Bwanyenye ili amjengee kibanda! Urefu, kimo, upana wa mabega. Nikauliza kama ni kibanda au jeneza. Mke wangu kaniambia niwe na adabu. Kisha shemeji kagundua makombo ya kiazi kwenye sharubu za mbwa, kasema huyu hapungui leo wala kesho.

Kiazi! Nani anamlisha mbwa wangu nje ya vikombe vitatu? Mimi nilimpa asubuhi, lakini nusu. Nyumba hii ina msaliti.

Jumanne, 14 Mei

Mtego. Nimesaga chaki ya buluu, ile ya kuchorea vitambaa, nikaimwaga kuzunguka bakuli lake. Atakayempelekea kitu ataondoka na ushahidi nyayoni. Siku za mwizi ni arobaini. Huyu hafikishi kumi na tano.

Jumatano, 15 Mei

Nimemkamata! Ndara za mama mkwe, nyayo buluu tupu. Mama mkwe ni mama mkwe, humwambii neno hivihivi. Wakati wa chai nikakohoa, nikasema kwa heshima zote, bila kumtaja mtu, kwamba humu ndani kuna viatu vinavyojua siri.

Mke wangu kanyoosha kidole tu kwenye magoti ya suruali yangu. Buluu. Yote mawili.

Nikakumbuka. Alfajiri sikuona ndara zangu, nikavaa zilizokuwa karibu, nikapiga magoti kumpa Bwanyenye kipande cha yai. Lakini hiyo ni tofauti! Mimi si mwizi, mimi ni mwenye mbwa. Mama mkwe kacheka mpaka kashika mbavu. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 24 Mei

Kesho mizani. Nimemtembeza kwenye majani mara mbili, dakika kumi kumi, macho yangu kwenye miguu yake. Naona anatembea vizuri, lakini ukipenda chongo huita kengeza.

Shemeji katuma habari kwamba kibanda kimeshapakwa rangi. Nikirudi kutoka karakana, nani atanipokea? Watu wa humu wananipenda, najua, lakini hakuna hata mmoja anayetikisa mkia. Nimelia kidogo nyuma ya kochi la sebuleni. Bwanyenye kaja kaniwekea kichwa gotini. Nilikuwa nimeapa simpi kitu leo. Nikampa biskuti. Moja.

Jumamosi, 25 Mei

Thelathini na mbili na robo! Asante Mungu! Nikamwomba daktari apime tena, kapima tena, ileile. Kasema misuli ya mapaja inarudi na maumivu yamepungua, tuendelee hivihivi. Nikamkumbatia. Kaniomba nimwachie. Shemeji, aliyekuja na mnyororo mpya, katoka nje kupokea simu ambayo haikulia.

Daktari kauliza siri yetu. Nikafungua mdomo kueleza habari za mbeleko. Mke wangu kasema aulizwe mama. Mama mkwe kasema, taratibu, kwamba tangu siku ya ganda la mkate aliona mkono wangu haufungiki. Basi kila siku alitia bakulini vikombe viwili tu. Cha tatu aliniachia mimi.

Nilimshukuru, na nilimaanisha, huku machozi yananitoka mbele za watu.

Jumapili, 26 Mei

Kainuka mwenyewe! Miguu yote minne, hadi ubavuni mwa kitanda changu. Sijui lini nimefurahi hivi. Shemeji ana kibanda na hana mbwa. Nimemshauri afuge kuku.

Nimelitafakari sana jambo hili. Nimeelewa kwamba kikombe cha tatu ni haki yangu, na daktari mwenyewe kakubali. Nakitumia kwa uangalifu. Leo mpaka saa nne: ganda la mkate, ncha ya soseji, nusu kiazi, na ile nusu nyingine kwa sababu ya ushindi.

Ila maskini mama mkwe, naona uzee umeanza. Mchana huu katia kikombe kimoja tu bakulini, kaniangalia, kaondoka. Sikumwambia kitu, heshima ni heshima. Nimemfidia Bwanyenye kwa yai.