Dume Jipya la Hifadhi

Jumatatu, 19 Mei

Nimedhulumiwa tena. Shule imetangaza itachapisha kitabu kimoja cha watoto kuhusu kuwalinda takhi, farasi mwitu wa hifadhi yetu, na mji mzima umeshampa ushindi Mwalimu Choijil. Eti ni mwalimu mstaafu. Eti ana maneno matamu. Na mimi je? Mimi ni Yondon muuza unga! Nilianza na gunia moja, leo nina duka lenye milango miwili, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nina kitabu.

Sina. Lakini wangeuliza!

Nimeanza leo hii. Hesabu ni nyepesi. Watakaochagua ni watoto wenyewe, kwa kunyoosha mikono, tarehe mosi Juni, Siku ya Watoto. Choijil ana maneno lakini hana picha. Mzee yule hawezi kuchora hata kondoo aliyelala. Na mtoto hasomi, mtoto anatazama. Kitabu changu kitakuwa robo maneno, robo tatu picha. Picha za kamera! Jina langu juu ya jalada, herufi kubwa.

Mke wangu Badamgarav amesema nilikuwa na sura hiihii mwaka nilipoanza kufuga nyuki. Wale nyuki walikuja wagonjwa.

Jumatano, 21 Mei

Takhi hawapigiki picha! Ukiwa kilima hiki, wao wako kile. Ukifika kile, wamehamia hiki, wanakutazama kama mtu aliyekosea hema. Nimerudi na picha kumi na nne. Saba ni matako. Nne ni vumbi. Mbili ni kidole changu. Moja ni nzuri sana, lakini ni ya panya wa milimani.

Askari wa hifadhi, Tomorbat, amenishika kiwiko na kunitoa nje ya mpaka kama mlevi kwenye harusi. Nikamwambia mimi ni mwandishi. Akasema hongera, akaniuliza unga wa buuz, yale maandazi ya nyama, umeshuka bei au bado.

Jioni nimeandika ukurasa wa tisa, ambao ndio moyo wa kitabu: “Baba na mama, msiache farasi wenu dume aingie hifadhini! Akiwapanda majike wa takhi, watazaliwa watoto nusu takhi, nusu wa zizini, na takhi wa kweli watakwisha duniani.” Nimeusoma kwa sauti. Machozi yalinitoka. Badamgarav naye yalimtoka, ila yeye alikuwa anakata vitunguu.

Ijumaa, 23 Mei

Wazo! Kwa nini sikuliona?

Shemeji Ochir, kaka wa mke wangu, amekwenda Ulaanbaatar kwenye mahafali ya binti yake. Farasi wake ameniachia mimi niwaangalie. Na dume lake! Mfupi, mnene, kichwa kikubwa, rangi ya mchanga, ileile kabisa ya takhi. Zimebaki tofauti nne tu. Takhi ana pua nyeupe, huyu ana nyeusi: dawa yake unga, daraja la kwanza, ninao. Takhi ana mistari miguuni: masizi ya jiko. Takhi hana chapa ya mwenye mali pajani: tope. Na takhi ana nywele fupi shingoni, zimesimama wima kama brashi, wakati nywele za dume la Ochir zinamfikia magotini.

Mkasi wa kondoo.

Najua, najua! Chuma hakigusi shingo ya dume. Farasi waliohasiwa ndio wanaonyolewa, na mwezi huu kila boma linanyoa. Dume huachwa. Nguvu zake zimo katika nywele zile, bahati ya kundi zima imo mle. Baba yangu asingethubutu. Babu yangu angenipiga kwa kuwaza tu. Lakini babu yangu hakuwa na kitabu cha kumaliza. Halafu nywele si huota? Baada ya miaka minne au mitano, Ochir hatagundua kitu.

Jumamosi, 24 Mei

Nimekata. Gunia zima limejaa. Nilipomaliza, dume aligeuza shingo akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile, hata na mtu wa kodi. Kisha akalamba unga wote puani. Nikampaka tena. Akalamba tena. Nimempaka unga wa kulisha harusi.

Lakini alifanana! Ewe Mbingu, alifanana mpaka nikamwogopa!

Nilifanya kosa moja tu, na ni kosa la kisanii. Nilitaka takhi wa kweli waonekane kwa mbali nyuma yake. Nikamwongoza mpaka ukingoni mwa hifadhi. Nikamvua hatamu, kwa sababu takhi gani huyo mwenye hatamu? Nikapiga picha. Moja. Picha bora kuliko zote zilizowahi kupigwa na muuza unga.

Upepo ukageuka. Akanusa majike. Alitoa mlio ulionikata maini, akaondoka. Akapita mpaka kama vile mpaka haupo. Nimesimama pale nimeshika hatamu, naita kwa sauti ya chini nisisikiwe na askari. “Njoo, baba. Njoo unga.” Hakugeuka.

Jumapili, 25 Mei

Mtu wa ukurasa wa tisa ni mimi! Mimi!

Chai imepoa kikombeni. Badamgarav ameniuliza naumwa wapi. Nikasema penye uandishi.

Jumatatu, 26 Mei

Mshtuko juu ya mshtuko. Tomorbat ameingia dukani anahema, kofia mkononi, macho yamemtoka. Amewatangazia wateja kwamba ameonekana takhi mgeni! Dume! Hawamjui, hayumo katika hesabu yao, huenda ametembea kutoka hifadhi ya magharibi kule mbali. Wamemwona kwa darubini, hathubutu mtu kumsogelea asije akatishika. Na tayari amejinyakulia majike watatu.

Watatu!

Wanawake wametoka nje kunyunyiza maziwa kuelekea mbinguni kwa shukrani. Bibi mmoja kati yao amelia. Na Mwalimu Choijil, aliyekuja kununua chumvi, amesema papo hapo atampa yule dume sura nzima kwenye kitabu chake.

Hapo ndipo damu iliponipanda. Sura nzima! Dume langu! Niliyemnyoa mimi, niliyempaka mimi! Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema mimi nilimwona kabla ya Tomorbat, na picha yake ninayo.

Nikaitoa. Tomorbat akaishika kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea zawadi kwa mkubwa wake. Akaniita “Yondon guai”, Yondon mheshimiwa. Hajawahi kuniita guai, tangu tumboni mwa mama yake. Choijil ameondoka bila chumvi.

Jumatano, 28 Mei

Ni vigumu kueleza jinsi heshima inavyoshibisha. Jana nimealikwa kula katika mahema matatu. Mwalimu mkuu amesema kitabu changu sasa kina uzito. Picha imeshakwenda kwenye jalada.

Leo mvua. Mvua kubwa! Nimekaa mlangoni nikifikiria unga.

Alasiri Tomorbat amekuja, uso umekunjamana. Amesema dume mgeni amebadilika. Pua imekuwa nyeusi, na kidevuni ananing’iniza kitu cheupe, kinavutika. Nikamwambia ni mafua. Mafua ya farasi wa magharibi, nimesoma mahali. Akasema basi ataitwa daktari wa mifugo kutoka mkoani, ampige sindano ya usingizi kwa bunduki, amchunguze.

Bunduki! Nikasema mafua yale huisha yenyewe. Nikasema asubiri mpaka Siku ya Watoto ipite, tusiwasikitishe watoto. Amekubali. Ana moyo mwema, kijana yule, na akili ya kutosha kazi yake.

Jumapili, 1 Juni

Niandike upesi.

Ukumbi wa shule umejaa. Choijil alisoma kwanza. Alisoma vizuri, nakiri. Mtoto wa takhi aliyezaliwa kwenye theluji, mama yake akamkinga upepo, na akina mama wakatoa leso. Lakini hakuna picha! Watoto wadogo walianza kuvuana viatu.

Kisha mimi. Nikasoma ukurasa wa tisa kwa sauti ya mtetemo. Nikafunua jalada. “Aaaa!” Ukumbi mzima! Mwalimu mkuu akasema wanaochagua cha Yondon guai wanyooshe mikono. Ikapanda. Nikahesabu haraka, mimi hesabu hazinishindi: thelathini na moja kati ya hamsini na mbili. Nimeshinda! Nikamtazama Choijil. Siku nzuri kuliko zote maishani mwangu, na ilidumu kwa urefu wa chafya.

Kwa sababu mlangoni alikuwa amesimama shemeji Ochir. Amevaa deel, joho lake la hariri la mahafali, vumbi la safari bado mabegani, na pipi za watoto mkononi. Akatembea katikati ya viti mpaka mbele. Akatazama jalada. Hakulitazama muda mrefu. Mtu anamjua farasi wake hata ukimvika suruali.

Akaniuliza, polepole, kama anayeuliza habari za mgonjwa: “Shemeji. Nywele zake ziko wapi?”

Nikasema huyu ni takhi. Akauliza tena. Nikasema zitaota.

Wazee walisimama wote kwa pamoja. Bibi wa maziwa aliziba mdomo kwa mkono. Mwingine akasema, “Amemnyoa dume! Amemnyoa dume akiwa hai!” kana kwamba ningesubiri afe. Na Tomorbat! Tomorbat alikuwa amekaa mstari wa mbele, na niliona wazo likimwingia kichwani, kisha likashuka usoni, likamfika magotini. Akasema “Majike watatu,” akatoka mbio.

Mwalimu mkuu akawaomba watoto wanyooshe mikono upya.

Jumanne, 3 Juni

Nimelazimishwa kwenda nao kumkamata dume. Ochir alipanda farasi wake wa mbio, ameshika ule ufito mrefu wenye kitanzi. Askari watano wakatanda bondeni. Mimi nilipewa kazi ya kukaa kilimani bila kugusa kitu.

Tulichelewa. Dume wa takhi, mwenyewe wa majike wale, alikuwa amerudi kudai. Sijaona kitu kama kile. Walisimama kwa miguu ya nyuma, wanang’atana, udongo unaruka. Yule wa mwitu alikuwa akimshika wa Ochir shingoni, palepale, anakuta ngozi tupu. Nywele zile zingemjaa mdomoni. Hazikuwepo. Kutoka kilimani nilisikia jino likigonga.

Ochir aliingia katikati yao. Akatupa kitanzi mara moja tu. Dume alipokisikia shingoni alisimama, akatetemeka, akamfuata kama mtoto aliyepotea sokoni. Kidonda kirefu, damu mpaka kifuani. Ochir akavua mkanda wa deel yake, ule wa hariri, akamfunga nao.

Nilisubiri anitukane. Hakunitukana! Huu nao si ungwana. Mtu aliyejiandaa kutukanwa ana haki ya kutukanwa. Aliniuliza tu nywele nimeziweka wapi. Nikasema dukani, kwenye gunia. Sikusema kwamba gunia hilo nimelifanya mto wa kukalia, lakini alipolichukua lilikuwa na umbo langu.

Majike watatu wamerudi kwa mwenyewe. Kama wana mimba ya dume la Ochir itajulikana mwakani, siku ya kuzaa. Tomorbat amesema kila mtoto atakayezaliwa atampima damu, na kila akipima atanikumbuka. Ameacha guai.

Alhamisi, 5 Juni

Kitabu cha Choijil kitachapishwa. Mikono hamsini na miwili. Hata watoto wa dada yangu!

Badamgarav hasemi nami. Anazungumza na birika: analiambia birika kwamba kuna watu walioaminiwa na kaka za wake zao. Madai ya Ochir ni haya: kwa kuwa anakwenda kwa wiki moja kuwasaidia askari kuweka nguzo za mpaka, na dume mgonjwa amempeleka kwa jirani mwenye akili timamu, ngamia wake wa mizigo nitamtunza mimi. Ni adhabu. Amesema ngamia huyu hana kitu ambacho naweza kumharibia.

Jumatatu, 9 Juni

Habari kubwa! Nimechapishwa!

Tomorbat amebandika karatasi kwenye ukuta wa duka langu, na nyingine kwenye kila kisima na kila boma mpaka ng’ambo ya mto. Picha yangu ya dume, rangi zote! Chini yake maneno ya ukurasa wangu wa tisa, neno kwa neno! Na chini kabisa jina langu, Yondon, likifuatiwa na maelezo mafupi ya nilichofanya, ambayo yameandikwa vibaya na mtu asiye na kipaji. Nakala mia mbili. Choijil atachapishiwa nakala themanini. Fanya hesabu mwenyewe.

Wafugaji wanasimama kusoma. Wanatikisa vichwa. Mzee mmoja amesema tangu leo dume lake hatasogea hifadhini hata akiota. Basi ni nani amewalinda takhi? Yule wa mtoto kwenye theluji, au mimi?

Na mwalimu mkuu ametangaza kitabu cha mwakani: ngamia mwitu wa Gobi. Nilimwona Choijil akitoa kalamu palepale.

Nimezunguka yule ngamia wa Ochir mara kadhaa. Rangi inakaribia. Shida ni nundu. Za ngamia mwitu ni ndogo, zimesimama wima, zina ncha. Za huyu zimelala upande kama kofia mbili zilizolowa. Lakini nina vibao viwili, nina kamba, nina gundi ya viatu.

Na Ochir harudi mpaka Alhamisi.